Kikao cha Mtu Mmoja

Kanuni za vikao vya idara, kifungu cha tisa, zinatamka kwamba muhtasari ndio kumbukumbu ya taasisi; kwamba pasipo muhtasari hakuna kikao; na kwamba kila mjumbe atausoma wote, neno kwa neno, kabla ya kuuthibitisha. Kifungu hicho kimetundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mikutano, juu kidogo ya swichi ya feni. Aliyekichapa ni katibu muhtasi ambaye jengo zima lilimwita Mama Muhtasari.

Mama Muhtasari alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia kwenye kiti cha pembeni, kushoto kwa mkurugenzi, akiandika maneno ya watu wengine. Katika vikao visivyopungua mia tatu hakuwahi kutia neno hata moja. Alijua nani husinzia huku macho yakiwa wazi, na nani huomba "kuongezea kidogo tu" akamaliza nusu saa. Kazi yake ilikuwa kupokea porojo za saa tatu na kuzitoa zikiwa na adabu zake: "Wajumbe walijadiliana kwa kina." Maana yake walibakiza kidogo washikane mashati.

Shida yake ilikuwa likizo. Miaka mitano mfululizo alijaza fomu ya siku ishirini na nane, na miaka yote mitano mkurugenzi aliweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma, akasema, "Mama, ukiondoka wewe, idara itasimama." Naye akajibu, "Sawa, bosi." Akifika mezani kwake, tumbo linamkata kama kameza wembe. Na sasa binti yake wa pekee, aliyekaa mwendo wa siku nzima kutoka hapo, alitarajia mtoto wa kwanza mwanzoni mwa mwezi ujao.

"Mama, mara hii ukiniambia 'tutaona', nakata simu," alisema binti.

"Mwanangu, tuta..."

Simu ikakatika.

Daktari alilipima lile tumbo mara mbili, hakuona kitu, akampeleka kwa mshauri nasaha. Huyo alikuwa mwanamke wa rika la binti yake, mwenye chumba cha viti viwili na boksi la tishu lililowekwa mahali pa kuonekana. Kwa Mama Muhtasari, hilo lilikuwa sawa na kumhukumu mtu kabla ya kesi.

"Mama, anayesema 'sawa, bosi' ni nani?"

"Si mimi? Kwani humu tuko wangapi?"

"Na anayelalamika tumboni baadaye?"



Mshauri alimweleza taratibu kwamba ndani ya mtu mna pande nyingi, na kila upande una kazi yake. Hakuna ulio adui. Hata ule unaotuudhi ulianza kazi kwa nia ya kutulinda. Kinachotakiwa si kufukuzana. Unaziita pande hizo, unazisikiliza moja baada ya nyingine, na wewe mwenyewe unakaa katikati, umetulia.

"Andika zinavyosema," akamaliza. "Nyumbani, bila haraka, kama unamwandikia rafiki."

Mtu mwingine angenunua daftari yakaisha. Mama Muhtasari alilinunua, likamtazama, naye akalitazama, siku mbili nzima. Vidole vyake vilijua umbo moja tu. Siku ya tatu, wenzake walipokwenda kula mchana, alifungua kompyuta, akaleta ukurasa uleule wa muhtasari wa kila mwezi, nembo juu na namba chini, akaandika: Waliohudhuria.

Walikuja wengi kuliko alivyotegemea. Alikuja Mkaguzi, anayemtafutia makosa hadi ndotoni. Alikuja Mcheshi, ambaye mambo yakichacha yeye huleta mzaha. Alikuja Bi Sawa. Na alikuja mtoto wa miaka tisa, aliyesimama mlangoni, akakataa kiti.

Katika agenda ya pili Mkaguzi alidai Bi Sawa afukuzwe kazi, maana ndiye aliyezila likizo zote tano. Mwenyekiti hakuwa ameteuliwa na mtu, ila wote walikuwa wanamtazama Mama Muhtasari. Akasema kwanza Bi Sawa aeleze aliajiriwa lini. Bi Sawa akaeleza. Ilikuwa siku ile mtoto yule alipomkatalia shangazi yake jambo dogo mbele ya wageni, na mama mzazi akanuna siku tatu bila kumsemesha. Alihitajika mtu wa kusema sawa, tena haraka. Nafasi haikutangazwa. Tangu siku hiyo ni miaka arobaini na mitatu, na hajapumzika hata Jumapili.

Mama Muhtasari aligundua kwamba kibodi imelowa, na kwamba yule binti wa tishu huenda alikuwa na sababu zake. Akaandika: "Azimio la nne. Bi Sawa ashukuriwe, apumzike. Likizo ya mtumishi ianze tarehe tano bila kuahirishwa. Mtekelezaji: Katibu."

Akahifadhi faili kwa jina analolipa kila faili: Muhtasari, mwezi na mwaka. Kompyuta ikamuuliza kama lichukue nafasi ya faili lingine lenye jina hilohilo. Akaijibu kama alivyozoea kumjibu kila anayemuuliza. Kesho yake akachapa nakala kumi na moja, akazigawa.

"Ukurasa wa kwanza, kuna marekebisho?" mkurugenzi aliuliza kikao kilipoanza.

Mama Muhtasari akainamisha macho kwenye nakala yake. Waliohudhuria: Mkaguzi, Mcheshi, Bi Sawa, mtoto wa miaka tisa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti!" Mkuu wa Usafiri aliinua mkono, na katibu akatamani ardhi ipasuke immeze. "Kwenye mahudhurio. Mimi siku ile nilikuwepo, nilikaa hapahapa. Mbona sijaandikwa?"

"Katibu, mwongeze."

"Na mimi," akasema Mkuu wa Ugavi, ambaye siku ile hakuonekana kabisa.

"Waongeze wote. Ukurasa wa pili? Wa tatu? Haya, nani anathibitisha?"

Ugavi akathibitisha, Usafiri akaunga mkono, mkurugenzi akatia saini. Wakahamia kwenye suala la matairi.

Asubuhi iliyofuata Mama Muhtasari aliingia kwa mkurugenzi na fomu mkono mmoja, faili mkono wa pili.

"Mama yangu," akaanza mkurugenzi, kalamu ikishuka, "ukiondoka wewe..."

"Kikao kimeshapitisha, bosi. Azimio la nne."

Mkurugenzi akasoma kwa kidole. Akafika kwenye saini yake, akaitambua. "Hili tulilijadili?"

"Kwa kina."

"Mimi nilikuwepo?"

"Mkuu wa Usafiri alikuwepo."

"Na huyu Bi Sawa ni nani? Wa masjala?"

"Mtumishi wa siku nyingi. Naye anapumzika."

Mkurugenzi akajikuna kidevu. Hakufika kwenye kiti kile kwa kushindwa na karatasi. "Basi tufanye hivi, Mama. Kikao kijacho tunalirudisha azimio mezani, tunasogeza likizo mwezi mmoja tu. Sawa?"

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, la moto, la miaka arobaini na mitatu. Mama Muhtasari alisikia Bi Sawa akivuta pumzi. Akamwambia kimoyomoyo, kaa tu, dada, hili niachie mimi.

"Hapana, bosi," akasema.

Hakupiga kelele wala hakuomba radhi. Dari halikuanguka. Mkurugenzi akamtazama kama mtu aliyesikia kabati likiongea, kisha akainua kalamu, akasaini.

Mjukuu alizaliwa tarehe tano usiku, wa kike, mwenye mapafu ya kuzima redio. Bibi yake alikuwa mlangoni, mkoba bado begani.

Kikao cha idara cha mwezi huo kilifanyika bila muhtasari. Kiliisha mapema.