Nukta za Uso wa Mama Studio

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi kilichonitenganisha na studio ya Mzee Nukta ni ukuta mmoja wa mbao. Ukuta wenyewe haufichi kitu. Nikikohoa huku, yeye kule ananipa pole. Kwa hiyo msinione nina maneno mengi juu ya mtu ambaye si ndugu yangu. Marehemu mume wangu hakuwa msemaji, na nadhani sauti ya Mzee Nukta ndiyo niliyoisikia zaidi maishani.

Jina la Nukta alibandikwa na wateja, na lilimkaa. Ulikuwa unaingia kupiga picha ya pasipoti, unatoka na somo zima la nukta za picha. Wenye haraka zao walimkwepa. Simu zenye kamera kubwa zilipoanza kuenea, vijana wakawa wanapita dukani kwake kumtambia tu.

"Mzee, hiyo kamera yako ina megapikseli ngapi?"

"Sita."

"Sita! Simu yangu hii ina hamsini."

"Hongera. Na picha zako unazitazamia wapi?"

"Si humuhumu kwenye simu."

"Basi umekodi lori kubebea kiberiti."

Kijana anaondoka kanuna, mimi huku nacheka mpaka naacha kukanyaga cherehani.

Lakini alikuwa anajua anachosema. Picha ya kamera, alituambia, ni nukta tupu. Kila nukta ina rangi moja, na zimebanana hivi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya albamu, ile inayoenea kiganjani, inatosheka na milioni mbili. Ukitaka ya ukubwa wa karatasi ya barua, tafuta milioni nane hivi. Bango la barabarani watu hudhani linahitaji nukta zisizohesabika, kumbe linaridhika na chache, kwa sababu mtu analitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Ulisogelee, utaona madoa makubwa kama vifungo vya koti. "Usiulize kamera ina ngapi," alikuwa akisema. "Uliza picha itakuwa kubwa kiasi gani, na anayeitazama atasimama wapi."

Mimi alinifafanulia kwa lugha ya kazi yangu.

"Fundi, leso ya kufutia jasho utaishona ikawa gauni?"

"Siwezi."

"Ukiivuta je?"

"Itachanika, Mzee."

"Basi na picha ni hivyo hivyo. Nyuzi ni zilezile zilizofumwa siku ya kwanza. Ukivuta, huongezi uzi."

Mkewe tulimwita Mama Studio. Yeye ndiye aliyekaa mbele kupokea watu, akawachana watoto nywele, akawafunga tai wanaume wasiojua kufunga. Mchana kukiwa hakuna wateja alihamia kwangu na kiti chake, tukapiga soga, tukasengenya kidogo, tukajuta kidogo. Sikuwa na shoga mwingine. Nalisema waziwazi kwa sababu mpaka leo linaniuma.

Mzee Nukta alikuwa bahili wa nukta kuliko wa kitu chochote. Picha za wateja alizihifadhi kwa ukubwa wake wote, miaka na miaka, eti mtu anaweza kurudi kutaka nakala. Kompyuta yake ilikuwa imejaa pomoni. Kwa hiyo za nyumbani kwake alizipiga kwa kipimo kidogo kabisa ambacho kamera inakubali. Siku moja nilimsikia Mama Studio akilalamika.

"Yaani sisi ndio wa kupigwa vidogovidogo?"

"Sasa wewe kubwa unaitakia nini, na mimi nakuona kila siku?"

Mama Studio akacheka. Na kwa hesabu mume alikuwa sahihi. Kwa albamu yao ndogo ya nyumbani, nukta zile zilitosha.

Mama Studio aliugua homa ya mapafu. Tulidhani ni mafua ya kawaida, maana yeye mwenyewe alituambia tusiyakuze mambo. Alipopelekwa hospitali alikuwa amechelewa, akafa kabla sijapata nafasi ya kwenda kumwona. Sikuamini. Nilimaliza kushona blauzi niliyokuwa nayo mkononi, ndipo nikalia.

Msiba ulipoanza, kaka wa marehemu ndiye aliyeshika usukani. Ni mwenye malori ya mizigo, mzito wa mwili na wa kauli. Alitaka picha kubwa ya dada yake, ya kusimama kando ya jeneza, watu wote waione. Mzee Nukta akaenda studio kuitafuta, nami nikamfuata nisimwache peke yake. Alipekua kompyuta saa baada ya saa. Walipita wake za watu wengine kwa maelfu, maharusi, wajawazito, wazee wa watu, wote wakubwa na safi, unaona mpaka nyuzi za kola. Wa kwake alimpata hapa na pale, kadogo, pembeni.

Iliyofaa ilikuwa moja. Ilipigwa siku binti yao alipohitimu chuo. Mama Studio amesimama mwisho wa mstari, amegeuza kichwa, anacheka. Mzee Nukta akamkata kutoka kwenye kundi, kichwa na kifua, akachapa. Ilitoka picha ya ukubwa wa kiberiti. Niliposhika ile karatasi nilihisi nimemwona shoga yangu mlangoni.

Yule kaka mwenye malori hakuhisi hivyo.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Dada yako."

"Hii? Mke wa mpiga picha anazikwa na picha ya kitambulisho? Watu watatuelewaje?"

"Nukta zake ni chache. Akiwa mdogo hivi ni yeye mwenyewe. Tukimvuta, tutampoteza."

"Hayo ya nukta kawasimulie wateja wako. Nipe hiyo picha, nina watu wa kuishughulikia."

Mzee Nukta alinitazama mimi, akamtazama binti yake. Binti alikuwa na macho mekundu, hana nguvu za kubishana na mtu. "Baba, mpe tu mjomba," akasema. Akampa.

Kesho yake picha ikaja. Ilikuwa ndefu inanifika kifuani, ina fremu ya dhahabu, na haikuwa na ukungu hata mahali pamoja. Watu walibaki midomo wazi. "Utadhani anataka kusema," mmoja akasema. Mjomba mtu akasimama kando yake kifua mbele. Unaona kope moja moja. Unaona ngozi inang'aa. Unaona meno, yamejipanga sawasawa.

Shoga yangu alikuwa na jino moja la mbele lililolipanda la pili. Alilionea haya tangu usichana. Akicheka mbele za watu aliziba mdomo kwa mkono, na kwangu tu ndiko alikocheka bila kuziba. Na kope zake zilikuwa chache, kila siku tukizitania. Mwanamke wa kwenye fremu alikuwa mzuri sana, na sikuwahi kukutana naye.

Mzee Nukta alisogea karibu na ile picha mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Kisha akamgeukia shemeji yake, kwa upole tu.

"Mashine iliyoikuza imedaiwa nukta ambazo haikuwa nazo. Imekisia. Imeona nyuso za wanawake wengi, ikachukua hapa na pale, ikajazia. Huyu si mke wangu."

Kisha mama mmoja wa jirani akamshika mkono, akamwambia jikaze, baba, ni uchungu huo. Wakampeleka kukaa. Nilipaswa kunyanyuka niseme kwamba ana akili timamu na anasema kweli. Sikutaka kuleta fujo kwenye mazishi ya shoga yangu, nikashika tama.

Baada ya mazishi ile fremu ikatundikwa sebuleni. Binti aliipiga picha kwa simu kabla hajarudi kazini kwake mbali, akawatumia ndugu wote, nao wakaiweka kwenye simu zao. Ukimtaja Mama Studio, mtu anakutolea ile. Mzee Nukta hakuwa na moyo wa kumwambia binti yake aliyefiwa kwamba analilia sura ya mtu mwingine. Alihamisha kiti chake tu, akawa anakaa ameipa mgongo. Lakini mlango wa chumba cha kulala unatazamana nayo, na kila akitoka asubuhi lazima wakutane.

Studio akaendelea kuifungua, ila somo liliisha. Mteja akimwuliza kamera hii inatosha, anajibu inatosha. Akimwuliza anunue simu gani, anajibu yoyote. Nilikuwa naacha cherehani ikae kimya makusudi, nisikie kama ataanza kumwelekeza mtu habari za bango na ng'ambo ya barabara. Sikusikia kitu. Ilinitia majonzi kuliko kilio chenyewe.

Juzi mchana akaja kwangu. Mkononi ana ile picha ndogo na lenzi yake ya kukuzia, ile aliyokuwa akikagulia filamu enzi za filamu. Amekonda, shati limemzidi mabega. Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Fundi, wewe ulikuwa ukimwona akicheka."

"Kila siku, Mzee."

"Lile jino lake. Lililopanda lilikuwa la kulia au la kushoto?"

"Si unayo picha hapo?"

"Hapa meno yote ni weupe mmoja. Jino halifikii hata nukta mbili." Akaishika lenzi kwa mikono miwili. "Nilikuwa najua. Nimeishi naye ujana wangu wote, ningekosaje kujua? Lakini siku hizi nikifumba macho anakuja yule wa sebuleni. Namfukuza, anarudi. Ana meno yake sawasawa, ananichekea. Nikilipata hilo jino moja tu, nadhani nitampata na mwenyewe."

Nilitaka kumjibu papo hapo. Nikafumba macho nimwite shoga yangu, amekaa kwenye kile kiti, tunamsema mtu, anatupa kichwa nyuma. Akaja. Alikuwa na kope ndefu, na meno yamejipanga. Nikajaribu tena, nikianza na sauti yake, nikianza na vidole vyake vikiokota vipande vya uzi sakafuni. Kila nikifika usoni nakuta ni yule yule mgeni. Nikafumbua macho. Mzee Nukta bado amesimama, ananitazama mdomoni, anangoja.

"Kushoto," nikasema.

"Una hakika, Fundi?"

"Shoga yangu yule, Mzee. Nitasahau vipi?"

Uso wake ukalegea. Akanishukuru, akaitia picha mfukoni mwa shati, akatoka akilirudia neno hilo kwa sauti ya chini, asije akalisahau njiani.