Kiputo Kilikaa Katikati

Kazi yangu ni kushika fimbo. Wapima ardhi wa Korogwe hunichukua kwa siku. Fimbo yenyewe ni ya chuma, ndefu kunipita, na juu yake imefungwa mashine inayosikiliza setilaiti. Mashine nyingine kama hiyo, tunaiita mashine mama, hubaki juu ya paa la ofisi mjini, na hizo mbili zinalinganisha kile zinachosikia mpaka namba za mpaka zipatikane. Mimi natakiwa kitu kimoja tu, nisimame na fimbo isimame. Ina pimamaji ndogo, na kiputo chake kikikaa katikati ujue imenyooka. Niliishia darasa la saba, lakini kiputo nakijua.

Ramadhani iliyopita tulikwenda Sindeni kupima mpaka kati ya shamba la bibi mmoja na eneo la mfugaji jirani yake. Walikuwa wamevutana kwa miaka, na sasa wote wawili walikubali kwamba pale mashine itakaposema, basi. Kwa mfugaji, jambo lilikuwa zizi la ndama. Nguzo zake zilikuwa pembezoni kabisa, na mpaka ukisogea kidogo upande wake zizi lingevunjwa.

Siku ya kwanza tulipima asubuhi. Siku ya pili tulirudi alasiri kuhakiki, na namba zikakataa kutulia, wala hazikulingana na za jana yake. Injinia wetu, binti wa umri wa mwanangu wa pili, alikuwa anaangalia kompyuta yake ndogo na kuita.

"Imesogea. Imerudi. Imesogea tena. Mzee wangu, umesimama?"

"Nimesimama."

"Na jana, ulisimama?"

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu mwenye kisomo akikuuliza hivyo mbele za watu, nawe umefunga na midomo imekauka, unaona kukana ni ubishi. Nikasema, "Labda ni mimi, injinia. Jana mkono ulichoka." Haukuchoka. Nilisema tu ili yaishe.

Akaniamini. Akafuta vipimo vya asubuhi, akasubiri namba zitulie kidogo, akachukua vya alasiri. Bikoni, lile jiwe la kuonyesha mpaka, ikachimbiwa karibu nusu mita ndani ya upande wa mfugaji, na nguzo tatu za zizi zikawa shambani kwa bibi. Mfugaji akapewa wiki moja azing'oe.

Bibi ni Mzigua mwenzangu. Alifurahi, akatufungia mihogo ya futari. Mfugaji aliutazama mkono wangu tu.

"Mkono mmoja wa mzee umekula zizi zima," akasema. "Kweli mfungo una njaa."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini mihogo ile niliwaachia wa nyumbani.

Nina daftari ninaloandika mambo madogo madogo, sijui hata kwa faida ya nani. Naona haya kusema, lakini alasiri ile nilikuwa nachungulia simu kila mara kuona magharibi imebaki muda gani, na kila nilipochungulia nilikariri saa na neno alilosema injinia. Garini nikayaandika. Saa kumi kasoro dakika tano, imesogea. Saa kumi na dakika tano, imerudi. Saa kumi na robo, imesogea tena. Chini yake, kwa siku zote mbili, nilikuwa nimeandika: kiputo katikati.

Nikayasoma tena nyumbani, nikaona kila badiliko limekuja baada ya dakika kumi. Mkono uliochoka hutetemeka ovyo, haufuati saa. Hata hivyo sikujiamini. Nami ni nani nimwambie injinia habari za mashine? Tena nikisema nilidanganya, huenda nisiitwe kazini tena. Siku mbili nilinyamaza, na siwezi kuzipamba siku hizo. Ya tatu nikaenda ofisini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Soma hapa. Na ule mkono niliosema umechoka, haukuchoka."

Hakucheka. Alisoma mara mbili, kisha akafungua kumbukumbu za mashine mama. Palikuwa na mstari unaopanda na kushuka taratibu, kama milima ya Bungu ukiwa mbali.

"Hapa Korogwe imeanza kupanda," akasema, "na dakika chache baadaye ndiyo imefika kwako Sindeni. Mkono wako haufiki Korogwe, mzee."

Akanieleza kwamba juu sana, kupita ndege zote, kuna tabaka la hewa ambalo jua limelitia umeme, na sauti za setilaiti hupita humo. Mara nyingine mawimbi husafiri katika tabaka hilo, likanenepa hapa na kukonda pale, na sauti ikachelewa zaidi pale palipo nene. Mashine mbili zikiwa jirani, huchelewa pamoja na hakuna neno. Zikiwa mbali, moja iko mgongoni mwa wimbi, nyingine bondeni, na hesabu inayumba.

Nikasema ni kama upepo kwenye mahindi. Hindi haliondoki lilipo, linainama na kuinuka, lakini kule kuinama kunatembea shamba zima.

"Hivyo hivyo. Wimbi lenyewe limetoka wapi, sijui, pengine mvua ya radi huko mbali. Na kosa ni langu pia. Mashine mama niliiacha mbali kwa uvivu wa kuibeba."

Tukarudi Sindeni na mashine mama tukaisimamisha penye ofisi ya kijiji. Tulipima asubuhi, tukapima alasiri, na vyote vikaangukia pale pa siku ya kwanza. Nikasimama mbele ya wote wawili nikasema nilichosema kuhusu mkono wangu hakikuwa kweli. Bikoni ikang'olewa, na nguzo za zizi zikabaki.

Bibi alinitazama. "Basi rudisha na mihogo yangu."

"Ilishaliwa, bibi."

"Najua. Nenda salama, mwanangu."

Mfugaji alinipa kibuyu cha maziwa ya kufuturu. "Mkono huu sasa umeshiba," akasema.

Bado naitwa kushika fimbo, na kwa hilo nashukuru. Namshukuru pia binti yule, aliyesoma mwandiko wangu mbaya mpaka mwisho. Jioni ile nilifuturu garini kwa maziwa yale, na nilipokiinua kibuyu niliona mkono unatetemeka kidogo, mara hii kweli. Hilo nalo nimeliandika, pamoja na saa yake.