Pumba za Kahawa Zilikuwa Zetu

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kushindana na ushirika kwetu Mbozi, mkaa wote ulikuwa unaelekea Tunduma. Malori yalipita yamesheheni magunia, na sisi tulioachiwa vilima vitupu tulipikia mabua ya mahindi. Mabua yana moto wa kujionyesha tu. Yanawaka kwa fujo, ukigeuka kuchukua mwiko yameisha, na maharage bado magumu.

Kilichotuokoa ni pumba za kahawa. Chama chetu cha msingi kilikuwa na mashine ya kukoboa, na maganda makavu yaliyotoka humo yalitupwa nyuma ya ghala yakaozea mvuani. Jirani yangu, aliyeolewa kutoka Msangano, ndiye aliyetufundisha jiko lake. Kwao walitumia pumba za mpunga. Unatoboa debe ubavuni karibu na kitako, unasimamisha chupa katikati, unashindilia pumba kuizunguka mpaka zishikane, kisha unaichomoa chupa taratibu na kuwasha moto katika tundu linalobaki. Moto wake ni wa pole. Maharage yanaiva, na maji ya kuoga unapata.

Ndipo tukasikia kwamba mwenye tanuri la matofali anazitaka pumba zote. Tukakubaliana wanawake wa kijiji kizima kukiomba chama kiziache kwa ajili ya majiko yetu. Lakini mwanachama alikuwa yule ambaye mibuni imeandikwa kwa jina lake, yaani mwanaume. Sisi tulichuma, tukaosha, tukaanika. Mkutanoni hatukuwa na kauli. Ilibidi tutafute mwanaume wa kutusemea.

Jirani alipendekeza tumwombe mzee mmoja wa kanisani. Mimi nikakataa. Nikasema mume wangu yumo kwenye kamati, anajua kuongea, na maharage ya jiko hilo anayala kila siku. Nilimnadi kama mbuzi mnadani, na wenzangu wakamkubali kwa sababu yangu.

Wiki nzima nilimfundisha maneno yetu wakati wa chakula. Akauliza maswali ya maana: kina mama wanatembea mpaka wapi kutafuta kuni, watoto wanakwenda shule bila uji mara ngapi. Akayarudia majibu yangu mpaka yakamkaa mdomoni. Nilijivuna, sitaficha. Nilijiona nimeolewa na mtu.

Siku ya mkutano tuliketi kwenye majani nje ya ghala, chini ya dirisha. Akasimama. Akaanza na maneno yetu yote, vilima, mabua, uji wa watoto, na wenzangu wakawa wananifinya kwa furaha. Kisha akakohoa kidogo.

"Pamoja na hayo," alisema, "kina mama wenyewe wameona hizi pumba zinawasumbua kwa moshi. Wamekubali mwenye tanuri azichukue. Mke wangu yuko hapo nje, ndiye aliyewauliza."

Vidole vilivyokuwa vinanifinya vikaniachia. Nikasimama, nikaingiza kichwa dirishani. "Mimi sikusema hivyo. Hakuna mwanamke aliyesema hivyo."

Mwenyekiti hata hakukasirika. "Mama, tunakuheshimu," alisema. "Lakini wewe si mwanachama."

Wanachama wakacheka kidogo, wakanyoosha mikono, hoja ikapita. Lori likaja wiki hiyohiyo.

Nyumbani nilimuuliza mume wangu kwa nini. Alikuwa anavua viatu. Akasema mwenye tanuri amemwahidi matofali ya kuchoma, ya kutosha nyumba nzima, na kwamba nitakuja kumshukuru mimi wa kwanza. Nilikuwa na sufuria ya uji wa moto mkononi, na Mungu anajua nilichokifikiria. Angesema tangu mwanzo kwamba yuko upande wa tanuri, ningegombana naye kama mke anavyogombana na mume, yakaisha. Lakini aliyachukua maneno mezani kwangu, huku nampakulia, akaenda kuyatumia ili uongo wake uaminike. Hilo sijamsamehe.

Siku chache baadaye, habari ya matofali imeshaenea kijijini, nilikutana na jirani njiani, ana mzigo wa mabua kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Yeye akatua mzigo, akanitazama.

"Mwenzangu, hayo matofali ulikuwa unayajua?"

Nikamwambia sikuyajua. Nikaapa kwa wanangu. Nikamweleza habari ya mezani, jinsi alivyoniuliza na jinsi nilivyomjibu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kama mtu anayedanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainama kuushika mzigo, akaniomba nimtwishe. Nikamtwisha.

"Asante, Mama Matofali," alisema, akaenda zake.

Hakusema kwa utani. Jina likashika, na mpaka leo ndilo wanaloniita. Siku aliponiita hivyo, hata msingi wa hiyo nyumba ya matofali ulikuwa haujachimbwa.