Insha ya Maksai

Enzi zetu insha ilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, na mlangoni alisimama jogoo. "Siku moja jogoo alipowika, niliamka, nikapiga mswaki..." Darasa zima liliamshwa na jogoo huyo huyo, hata sisi ambao mswaki wetu ulikuwa kijiti na kuku wa kwetu walikuwa wameliwa wote Krismasi.

Nikiwa darasa la sita, kijijini nje ya Bunda, nilimchoka yule jogoo. Mwalimu alipotupa kichwa cha insha, "Kilimo cha Pamba", nikamwachia maksai wetu, Mabaka, aeleze mwenyewe. Kila msimu mimi ndiye niliyetangulia na kamba kuwaongoza ng'ombe, baba akiwa nyuma ameshika plau, kwa hiyo niliyasikia yote. Baba, ambaye nyumbani aliongea kwa kukohoa, shambani alimweleza Mabaka kila kitu: kwamba mvua inamtisha, kwamba uji wa mama una mabonge lakini ataunywa mpaka kufa, maana nani mwingine angemvumilia? Akimchapa, baada ya hatua tano anamwomba radhi. Niliandika hayo yote kwa sauti ya ng'ombe, nikamfanya acheue katikati ya aya.

Sikujua kwamba mwalimu angeisoma kwenye kikao cha wazazi. Hadi leo nikisikia harufu ya chaki viganja vyangu vinalowa. Wazazi walicheka, mmoja akapiga meza. Baba aliitazama kofia yake magotini. Njia nzima ya kurudi alitangulia, nami nyuma naikagua miti, ni upi utatoa fimbo yangu. Tulipofika hakuingia ndani. Alikwenda zizini, akasimama mbele ya Mabaka.

"Wewe! Kumbe unaendaga kunisema shuleni?"

Mabaka akacheua. Kesho yake tukilima, nikasikia nyuma yangu: "Hili la leo, Mabaka, usimwambie mwenye daftari." Kisha hilo la leo akalisema kwa sauti ya juu makusudi, ili nilisikie.

Baada ya kidato cha nne nilianza kutangatanga. Nilipakia dagaa Mwigobero, nikapanga chumba Nyakato, nikahama, nikahama tena. Sikuandika kitu zaidi ya orodha za mizigo. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kibarua cha ujenzi Butiama nilipopigiwa simu kwamba baba ametutoka. Nilipofika nyumbani, kaka yangu mkubwa akanivuta pembeni.

"Wewe ndiye wa insha, andika wasifu wa mzee. Lakini usituletee utoto wako. Mchungaji atakuwepo."

Asubuhi ya maziko mpwa wangu alinikuta natoka jasho juu ya karatasi tupu. "Anko, unajitesa bure. Simu inaandika dakika moja tu."

Na kweli iliandika, bila kosa hata moja. Marehemu alizaliwa, alisoma, alioa, alikuwa mcheshi na mpenda watu. Mcheshi! Baba yangu! Aliyeandika alikuwa jogoo yule yule, sasa amehamia kwenye simu, na vijana wetu wanadhani wamemfuga wao. Hata hivyo niliinakili, kwa woga, kisha kwenye karatasi nyingine nikaandika ya kwangu.

Saa nane nikasimama mbele ya jeneza, karatasi mbili mfukoni, ya simu na ya kwangu. Enzi zile niliogopa fimbo ya mtu mmoja, ambayo ingekwisha kabla ya ugali kuiva. Siku hizi sijui hata ninachokiogopa kinaishia wapi. Niliogopa jicho la kaka. Zaidi nilimwogopa mama, asije akadhani namdhihaki mumewe siku ya mwisho, na siku hiyo hairudiwi.

Nikaitoa ya kwangu.

"Mimi ni Mabaka, maksai wa marehemu. Naomba radhi kwa kucheua mbele ya mchungaji."

Kaka akainamisha kichwa. Nilipofika kwenye uji wenye mabonge, nikaacha kusoma, nikamtazama mama. Hapo mama, kutoka kwenye mkeka wa akina mama, akainua uso bila kufuta machozi.

"Sema, Mabaka," akaniambia. "Wewe ndo alikuwaga anakuambia. Mimi aliniachiaga kukohoa tu."