Ua wa Minyaa na Mashine ya Kaka

Kaka yangu anaamini kitu kisichotoa moshi hakifanyi kazi. Yuko Rusumo, anashinda katikati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Rwanda, na nadhani kelele zimemwingia kichwani zikapanga chumba humo. Mimi nina kibanda cha kuchaji simu na kuuza vifaa vya umeme stendi ya Biharamulo. Kwa hiyo daktari alipomwambia baba kwamba moyo wake umepanuka na asishike panga tena, ubishi wetu ulijulikana kabla haujaanza. Yeye alitaka mashine ya kukatia ya petroli, mimi ya betri.

Baba anaishi Ngara, pembeni ya barabara ya Kabanga, kwenye kibanja cha migomba na mibuni. Nyasi za kutandaza migombani angeweza kukatiwa na kibarua yeyote. Tatizo lilikuwa ua.

Ua wenyewe ni wa minyaa, unamtenga baba na mdogo wake. Tangu walipomzika babu na kugombana kuhusu mibuni ambayo shamba lilipogawanywa iliangukia upande wa baba, wawili hao hawaingiliani nyumbani. Harusi za watoto wanahudhuria, wanakaa mabenchi ya mbali. Kanisani hivyo hivyo. Lakini ua ni wa wote, na kwetu ua wa mpaka haukatwi na upande mmoja. Ukiukata peke yako umetangaza kwamba mpaka ni wako. Kwa hiyo kila kiangazi kinapoingia baba hutuma habari ng'ambo, na asubuhi umande haujakauka kila mmoja husimama upande wake na panga, uso ameugeuza pembeni kwa sababu utomvu wa minyaa ukiingia jichoni utajuta. Kwa wakati huo minyaa huwa imewapita kimo. Wao hupunguza ncha na matawi ya pembeni tu, kwa hiyo hawaonani, na hapo ndipo wanapoongea.

Nilikua nikiokota matawi nyuma ya baba, nikisikia sauti mbili zikisogea pamoja polepole kutoka barabarani hadi chooni. Walizungumza mnyauko wa migomba, ng'ombe aliyetoa mimba, nani kafa huko Burundi kwa wajomba zao. Wakati mwingine walicheka. Mara moja baba mdogo aliuliza, bila sauti kubadilika, kama kile kidonda cha mguu cha baba kimepona, na baba akajibu kimepona. Wakifika mwisho wa ua walinyamaza mpaka mwaka mwingine.

Daktari aliposema panga basi, alikuwa anakataza hayo yote. Mimi na kaka tulilijua hilo, tukaogopa kulitaja. Tukabishana kuhusu injini.

Kaka alinitumia picha ya mashine aliyoiona dukani. Injini moja, vichwa vingi. Unafunga kisu unafyeka nyasi, unafunga meno marefu unapunguza ua, kuna msumeno mdogo wa matawi, na hata vijembe vya kupalilia. Bei nafuu kuliko kununua kimoja kimoja. Petroli, alisema, inauzwa kwenye chupa za maji kila kijiwe cha bodaboda, na ikiharibika fundi pikipiki yeyote atafungua plagi, atasafisha kabureta, siku hiyo hiyo imewaka. "Hiyo yako ya betri ikifa utampelekea nani? Wewe?"

Iliniuma, kwa sababu mimi betri za namna ile sifungui. Nauza betri kila siku, najua zinavyodanganya. Najua pia umeme wa kule kijijini mvua ikipiga kidogo umeenda, na ukirudi unarudi na hasira ya kuunguza chaja. Sikumwambia kaka hayo. Nilimwambia petroli ya kwenye chupa imechanganywa mafuta ya taa. Nilimwambia lazima apime oili ya kuchanganya, akikosea injini inakwama. Vichwa vya kubadilisha vya bei rahisi navyo vinalegea kwenye maungio, mashine inatetemesha mikono mpaka mabegani, sembuse kwa mtu mwenye moyo mgonjwa. Nikamwambia habari ya moshi na ya kamba ya kuwashia, ambayo baba hawezi kuivuta. Mwishoni nikasema lile ambalo ndilo lilikuwa moyoni: ya betri haina kelele, watasikilizana.

Kaka alicheka. "Wale wazee? Miaka yote wamesikilizana, wameelewana wapi?"

Nilimkatia simu. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu kwetu anajua.

Aliinunua bila kuniarifu tena, akaja nayo kwa basi. Nami nilikwenda, kwa sababu sikutaka afanye mambo peke yake. Baba alikuwa ametuma habari ng'ambo kama kawaida. Asubuhi alijaribu mwenyewe kuvuta ile kamba, ikarudi bila injini kukohoa hata kidogo. Akajaribu tena, akakaa kwenye kigoda, akajifuta jasho na shati. Kaka akaichukua, akavuta, ikawaka, kuku wakatawanyika.

Sikatai kwamba ilifanya kazi. Matawi yaliruka, utomvu ukamrukia kaka hadi kwenye miwani. Lakini mtu aliyezoea malori hajui kukata kwa kiasi. Aliona ni rahisi zaidi kukata usawa wa kiuno, akashika mstari huo, akaenda nao. Baba mdogo alipotoka na panga lake, amelinoa vizuri, ua ulikuwa umekwisha kuliwa zaidi ya nusu.

Alisimama. Baba naye akasimama. Hapakuwa na kitu katikati yao isipokuwa visiki vinavyotoa maziwa, na wakaangaliana usoni. Wote wawili walikuwa wamezeeka, na nadhani kila mmoja alishtuka kumwona mwenzake. Ndipo baba akasema kitu. Halikuwa neno moja; yalikuwa maneno mengi, na mkono wake ukanyooka kuelekea mlango wa nyumba yetu. Nilimpungia kaka azime. Akadhani namsifu, akaniinulia dole gumba, akaongeza moto.

Baba mdogo alibaki kidogo, kisha akaweka panga kwapani, akageuka, akaenda zake.

Tangu siku ile wakawa wanaonana kila saa. Baba akitoka kunawa uso, mdogo wake yuko mlangoni kwake. Mdogo wake akienda chooni, baba yuko barazani. Ua mrefu ulikuwa umewapa mahali pa kujificha na mahali pa kusemea, na sasa walikosa vyote viwili. Baba akaanza kupita nyuma, migombani, njia ndefu yenye mteremko, ili tu asikutane na macho ya mtu. Miguu ikavimba. Nilipompigia simu, pumzi yake ilinifikia kabla ya sauti.

Kaka alinipigia kutoka Rusumo. Alisema ameona nilikuwa sahihi, kwamba ataiuza ile mashine, tuchangie ya betri. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo kwa hamu mbaya, na ilipofika sikujua niifanyie nini. Hata isiyo na kelele tungekatia nini? Nikafunga kibanda, nikapanda basi kwenda Ngara.

Nilimkuta baba barazani, mgongo ameuelekeza uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mbona umekuja siku ya kazi?"

Sikuzunguka. Nilimuuliza alimwambia nini baba mdogo siku ile ya mashine.

"Nilimwambia aweke panga, aingie ndani. Kwamba nguvu zimeniisha, ile mibuni aichume tu, mimi nataka tukae tunywe kama zamani. Akanipa mgongo."

"Baba, hakusikia."

"Alikuwa pale pale."

"Mashine ilikuwa inanguruma. Mimi nilikuwa karibu yako kuliko yeye, na sikusikia."

Nilimwona akiirudia asubuhi ile kichwani, akiitoa sehemu moja na kuiweka nyingine. Macho yalimlowa. Nilisimama, nikamwambia naenda ng'ambo sasa hivi kumwambia.

"Kaa chini," alisema. "Ukienda wewe, nitakuwa nimemtuma mtoto aniombee radhi, na yeye atakuwa amenipokea kwa mkono wa mtoto. Hata akija atakaa kama mgeni. Nitamwambia siku ya kukata ua."

"Ua gani, baba? Umebaki visiki."

"Utaota."

Nilikasirika kiasi cha kushindwa kula. Minyaa inaota haraka, ndiyo, lakini nilikuwa nimeiona miguu yake. Nilijilaza nikimchukia kaka, na yule aliyeuza mashine, na babu na mibuni yake, na baba kwa ukaidi ambao najua nimeurithi wote.

Asubuhi nilimkuta uani na kopo. Alikuwa anamwagilia minyaa. Hakuna mtu anayemwagilia minyaa. Ni mti unaoota hata ukiutupa juu ya mawe. Alikuwa akimwagia kisiki kimoja, anasimama, anashika kifua, anakwenda kingine. Nilimpokonya kopo, nikamkalisha kwenye kigoda, nikaendelea mimi.

Nilipoinama karibu na choo, niliona kwenye mashina, upande wa ng'ambo, samadi ya ng'ombe, mbichi, imepangwa kwa mkono kisiki hadi kisiki. Baba aliacha kufuga zamani; ng'ombe wako ng'ambo tu. Nilisimama na kopo langu.

"Baba," nikamwita, "kuna mtu anaweka samadi huku."

"Naona tangu juzi," alisema, akaninyooshea kidole kuelekea kisiki nilichokiruka.