Shujaa Aliyeachwa Majini

Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, aliimba utendi wa ukoo mchana kweupe, akianika omena, dagaa wa ziwani, ufukweni Sindo. Ukimwambia habari za mashujaa ni za jioni, anakujibu kwamba jioni yeye huwa amechoka. Kwanza aliomba ruhusa kwa waliokufa. Kisha alianzia katikati: shujaa yuko ziwani, maji yamemfika kiunoni, mkuki juu, na nyuma yake ukoo mzima unangoja kuvushwa. Alikotoka tungeambiwa baadaye, tukiwa na subira.

Jina lake halikutajwa likiwa tupu. Lilikuja na sifa zilezile kila mara, Mwana wa Mvua, Asiyeogopa Kina, na sifa hizo zilimpa dani nafasi ya kuvuta pumzi na kugeuza omena. Halafu kulikuwa na jirani yetu, mama mmoja wa maneno mengi. Kwetu msikilizaji ana ruhusa ya kusimamisha wimbo ajigambe, na mama huyo hakuichezea ruhusa yake. Alijisifia kuku, wakwe, mpaka miguu yake mwenyewe, na muda wote huo shujaa anangoja kwenye maji baridi.

"Vumilia, baba," dani alimwambia shujaa. "Huyu akianza hamalizi."

Nilimhurumia shujaa kwelikweli. Jua lilikuwa kali, ziwa linameremeta, harufu ya omena imenijaa kichwani, na mpaka leo sijui ni wapi nilisikia na ni wapi nilikuwa nimelala. Kuna siku nilifumbua macho nikamwona kabisa, amesimama pale, mgongo umelowa. Sikumwambia mtu.

Mwisho wake sikuusikia. Dani alifika pale shujaa anapogeuka kutazama nyuma, akanyamaza, akakung'uta kikapu. Ni mwiko. Mwisho huimbwa mara moja tu, na mwimbaji anayeaga dunia, mbele ya mtu mmoja atakayeubeba.

Siku hizi nafundisha Kiswahili shuleni Uriri. Mwaka jana, kwenye somo la tendi, niliandika ubaoni sifa za shujaa: nguvu zisizo za kawaida, safari ndefu, vita, siri ya nguvu zake, usaliti, kifo. Nikawatajia na shujaa wa ukoo wetu. Msichana wa mbele akauliza, "Mwalimu, na huyo wenu alisalitiwa na nani?" Nikasema sijui. Darasa likacheka. Mimi sikuweza, kwa sababu dani alikuwa hajainuka kitandani tangu mvua zianze, na mwisho ule ulikuwa kifuani mwake tu. Akienda nao, basi.

Jumamosi nikaenda Sindo. Nilimkuta amelala karibu na dirisha, mwanga wa ziwa unachezacheza ukutani. Hata salamu hatukumaliza. Alianza kuomba ruhusa kwa waliokufa, nami nikamshika mkono.

"Dani, usiimbe. Utapona."

Niliogopa. Maisha yangu yote nimeutaka mwisho ule, na sasa nilitaka ubaki hukohuko uliko.

"Mwalimu mzima," akasema, "unataka mtoto wa watu aozee majini?"

Nikacheka, nikalia, nikamwachia mkono.

Akaimba polepole, vidole vikigeuza omena ambayo haikuwepo. Ukoo ukavuka wote. Nikamngoja msaliti, nikangoja mshale. Hakuja mtu. Shujaa aligeuka, akaona mtoto wa kike amebaki ufukweni, anaogopa kuingia. Akarudi kumchukua. Akamweka begani, akampa mkuki aushike, akamwuliza: wewe ni nani?

Dani akajibu kwa jina langu. Lote, na la baba, na la babu, kisha sifa ambayo sikuwa nimewahi kuisikia: Aliyesinzia Akisikia. Kumbe dani alikuwa akiniona nikisinzia.

Tulimzika kabla omena ya wiki ile haijakauka.

Sasa wanangu wananiimbisha Jumapili mchana, nikiwa nachambua mboga. Nikifika pale anapogeuka, nanyamaza. Wananuna, hasa yule mdogo ambaye huwa ameshasinzia nusu. Wanataka kujua alikufaje. Nawaambia bado yuko ziwani, wamngoje kidogo. Mimi mwenyewe sina haraka ya kumtoa.