Rangi Mpya ya Mnara

Mama Ufa alikanyaga jukwaa la gesi baharini akiwa tayari amenuna, na alipoinua macho akaona mnara unang'aa, damu ikampanda kichwani.

Jina hilo walimbandika wafanyakazi. Alikuwa mhandisi, na kazi yake miaka yote ilikuwa kutafuta nyufa kwenye vyuma vinavyotikiswa na upepo. Walimtania kwamba hata nyumbani hanywi chai kabla ya kukagua kikombe. Naye alicheka nao, siku ambazo hakuna aliyemharibia kazi.

Leo walimharibia. Mnara wa mabomba wa kuchomea gesi, uliosimama juu ya vyumba vya kulala, ulikuwa umepakwa rangi kutoka chini hadi kileleni. Mtu yeyote aliyewahi kushika chuma anajua kwamba ufa mwembamba kama unywele hufichwa na mpako mmoja tu.

"Shemeji, karibu!" Mkuu wa jukwaa alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mdogo wa mumewe, tena aliyesomea nyumbani kwao na kula mezani kwao. "Tumekupambia, unaona?"

"Nani kawaambia mnipambie? Nimekuja kukagua au kuchumbiwa?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Lakini shemeji, dhoruba ya juzi imepita hapa, mnara haukutikisika hata kidogo. Huo ni mzima."

Ujinga huo ulimchosha kuliko ngazi zote alizopanda. Akaokota kipande cha waya, akakipinda huku na huku mbele yao mpaka kikakatika.

"Nimetumia nguvu hapa? Sijatumia. Dhoruba inakuja, inaondoka. Huu upepo mdogo wa kila siku, unaofanya mabomba yavume mkiwa mmelala, ndio unaokula chuma. Kwangueni rangi kwenye maungio yote."

"Hiyo kazi ya kutwa nzima, na boti inakungoja."

"Boti iende."

Shemeji akamvuta pembeni, sauti chini. Alimkumbusha kwamba yeye, mkuu, kampuni iko mbioni kumpandisha cheo, kwamba mama mkwe anamtegemea yeye, kwamba watu wa nyumba moja hawachimbani. "Andika ulichokiona tu. Hujaona ufa, andika hujaona."

Kilichomuudhi ni kwamba angeweza kabisa kuandika hivyo, na hakuna ambaye angemwita mwongo. Ila watu wangeendelea kulala pale chini.

Brashi za waya zikaanza kazi. Ungio la kwanza lilikuwa zima, la pili zima, na yaliyofuata vilevile. Minong'ono ikaanza. Mpishi, aliyekuwa ametoka jikoni kutazama, akasema leo Mama Ufa amekosa mtoto. Shemeji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu rangi ianze kukwanguliwa.

Kwenye ungio la juu, upande upepo unakotokea, rangi ilibanduka na chini yake ikatokea puti, ile ya kuzibia magari yaliyobonyea. Mama Ufa akaichokonoa kwa ncha ya kisu. Ndani kulikuwa na ufa uliokwisha kuzunguka karibu nusu ya bomba.

Rangi mtu anaweza kupaka kwa ujinga. Puti huwezi kuzibia ufa usiouona.

Alishuka ngazi mbio. "Zimeni gesi! Kila anayelala chini ya mnara ahamishe vitu vyake sasa hivi!"

Alipita chumba kwa chumba mwenyewe kuhakikisha. Chumba cha mkuu kilikuwa kitupu, kitanda hakina hata shuka, vumbi limetanda mezani.

"Huyu kahama saa ngapi?" akamuuliza mpishi.

"Bosi? Huyo alihamia upande wa pili kabla hata hawajaanza kupaka rangi. Alisema mnara unampigia kelele."

Mama Ufa akatoka nje. Mkuu alikuwa amesimama katikati ya watu waliojitwika magodoro, akiwahimiza waharakishe, kama mtu mwenye huruma nao.

"Mkuu," akamwita.

"Shemeji, nisikilize kwanza, tuongee kando..."

"Mimi sina shemeji hapa. Na hatuongei kando. Waambie hawa kwa nini wewe ulihama chumba mapema."

Wanaume wakasimama pale pale, magodoro vichwani, wakimtazama mkuu.